Kikapu chenye kitako cha udongo: kwa nini ukingo ulipasuka na uzi ukakatika

Swali la msomaji: "Shikamoo Mama. Mimi ni msusi wa vikapu hapa Korogwe, natumia kamba za mkonge na vipande vya kanga kuukuu. Nimeona picha za vyombo vya sanaa ambavyo nusu ni nyuzi na nusu ni udongo, nikatamani. Mara ya kwanza nilizungushia udongo mbichi kwenye mdomo wa kikapu. Siku ya tatu ukapasuka sehemu nne. Mara ya pili nikafanya vilevile, nikakichoma chote shimoni, nikabaki na majivu na vigae. Mara ya tatu nikafinyanga kitako chenye matundu, nikakichoma peke yake. Matundu mengi sindano haikupita, na palipopita uzi umekatika ndani ya wiki mbili. Nakosea wapi? Na chombo kama hicho kinaweza kutiwa maji ya maua?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho maana ni fupi: maji usitie. Udongo uliochomwa shimoni, usio na ule utando unaong'aa wa vikombe vya dukani, hutoa jasho. Ndiyo maana maji ya mtungini hupoa. Jasho hilohilo litaingia kwenye mkonge, na mkonge uliolowa bila kupata hewa huota ukungu na kuoza. Mteja akitaka maua mabichi, aweke gilasi ndani.

Sasa kosa lenyewe. Umenieleza makosa matatu, lakini kwangu naona ni moja tu. Umeviunganisha vitu viwili kama kwamba vinakwenda mwendo mmoja, wakati kila kimoja kina tabia yake. Udongo hupungua unapokauka, hupungua tena unapochomwa, kisha basi. Hautabadilika mpaka siku utakapovunjika. Mkonge na pamba havitulii maisha. Hewa ikiwa na unyevu vinanenepa, kiangazi vinalegea, ukivivuta vinavutika. Ugumu wote wa kazi hii uko pale vinapogusana.

Wala si jambo geni kwetu. Anayebeba mtungi kichwani huweka kata, ule mzunguko wa nguo au majani, na hakuna aliyewahi kugundisha kata kwenye mtungi. Imekaa tu, na mtungi unacheza juu yake kidogo kwa kila hatua. Tazama pia susu ya zamani jikoni: nyavu ya kamba inaning'inia kwenye boriti, vyombo viko ndani. Kamba zinashika bila kubana. Mahali pekee tulipougandisha udongo kwenye kitu kilichofungwafungwa ni nyumba ya fito, na kila aliyelelewa kwenye nyumba hiyo anajua kwamba ukuta hupasuka na kila baada ya muda watu hurudi kuukandika.

Ukingo wako wa kwanza ulikuwa nyumba ya fito. Udongo wa mfinyanzi wa kawaida, kutoka ukiwa laini mpaka uwe umekauka na kuchomwa, hupungua kama asilimia 8 hadi 12, na zaidi ya nusu ya hapo hutokea kwenye kukauka tu. Tuseme mdomo wa kikapu chako una mzunguko wa sentimita 60. Udongo ukipungua asilimia 6 kwa kukauka, unataka kuwa sentimita 56 na kitu. Kikapu kiko ndani yake, kinakataa. Zile karibu sentimita 4 lazima zitoke mahali fulani, nazo zimetoka kwa njia ya nyufa nne. Hata ungeukausha kivulini kwa mwezi mzima ungepasuka, pengine tu kwa nyufa nyembamba zaidi.

Ukipenda sura ya ukuta uliokandikwa, na mimi naipenda, fanya kama wajenzi. Katakata mkonge vipande vya sentimita 2 au 3, changanya na udongo na samadi ya ng'ombe, paka tabaka jembamba, acha lipasuke, jaza nyufa, paka tena. Hapo huchomi. Ni chombo cha kutazamwa, kikae mbali na maji, na mnunuzi aambiwe hivyo kabla hajatoa pesa.

Kuhusu kile ulichokichoma chote, nitakuwa mkweli: hakuna moto utakaouivisha udongo na kuacha mkonge salama. Nyuzi za mimea huanza kuwa makaa kwenye nyuzijoto 250 au 300 hivi. Udongo hauwi chungu mpaka uvuke 550 au 600, pale maji yaliyofungamana na udongo wenyewe yanapotoka. Kabla ya hapo ukiuloweka unarudi kuwa tope. Njia hizo mbili hazikutani. Ila usidhani majivu yako ni hasara tupu. Wapo wasanii wanaofanya hivyo makusudi: wanachovya kamba ya pamba au kitambaa kilichofumwa ndani ya uji mzito wa udongo, wanakausha, wanachovya tena mara mbili tatu, kisha wanachoma. Uzi unaondoka, linabaki ganda la udongo lenye kila msokoto wa kamba. Ni jepesi na huvunjika kwa kuguswa vibaya, lakini kipande kidogo cha namna hiyo kikishonwa ubavuni mwa kikapu halisi, watu husimama kukitazama. Wafinyanzi wengi wa Uganda, Rwanda na Burundi wana njia salama zaidi ya kuacha alama ya uzi kwenye udongo: wanaviringisha kipande cha kamba iliyosokotwa juu ya chungu kibichi, na mstari wa msokoto unabaki hapo miaka mia.

Tuje kwenye kitako chenye matundu. Hiyo ndiyo njia yako, na ulikuwa karibu sana. Kanuni yangu ni kwamba udongo umalizane na moto kwanza, ndipo uzi uingie. Uliitimiza. Kilichokuangusha ni tundu, na tundu linataka maelezo marefu.

Kwanza pima udongo wako, usiamini namba zangu. Tandaza kipande kama rula, kikiwa kibichi chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, kikaushe, kichome pamoja na vyungu vingine, kisha pima ule mstari. Ukiwa sentimita 9, udongo wako unapungua asilimia 10. Sasa kila kitu unakipanga kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ukitaka tundu la milimita 4 na nusu baada ya moto, toboa la milimita 5. Ukitaka kitako cha sentimita 14 na ushee, kata cha 16. Ulitoboa kwa sindano yenyewe, sivyo? Nahisi hivyo, maana wengi hufanya hivyo. Tundu lililotoshana na sindano kwenye udongo mbichi litaikataa sindano hiyohiyo baada ya moto.

Pili, wakati wa kutoboa. Udongo ukiwa laini bado, kijiti hakitoi kitu. Kinausukuma udongo pembeni, na upande wa pili unatokeza mdomo wenye makali. Subiri ushikamane, ufikie hali ambayo ukiubonyeza kwa kucha unaacha alama lakini kitako hakipindi ukikinyanyua. Hapo chukua biti ya keekee ya milimita 5, bila keekee yenyewe, uizungushe kwa vidole. Biti inatoa udongo nje kama inavyotoa unga wa mbao. Kisha chukua biti nene zaidi, ya milimita 8 au 10, uizungushe mara mbili tatu tu juu ya kila tundu, upande wa ndani na upande wa nje, ili ukingo wa tundu uwe umelala kama mdomo wa faneli. Malizia kwa kidole kilicholowa.

Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo iliyokukatia uzi. Mimi nilijifunza kwa aibu. Chombo changu cha kwanza kikubwa nilikiuza kwa mtu wa Nairobi, na baada ya miezi miwili akanipigia simu: alikuwa amekinyanyua kikapu kwa mkono mmoja ili afute vumbi, kikapu kikaja, kitako kikabaki mezani. Nyuzi zote zilikuwa zimeliwa palepale zinapopinda kuingia tunduni. Tangu siku hiyo, kitako kikitoka motoni napitisha pamba kwenye kila tundu, pamba ya kawaida ya dukani, kipande kidogo kilichosokotwa. Pakibaki hata unyoya mmoja, pana jino. Naviringisha msasa kwenye kijiti cha mshikaki na kusugua mpaka pamba ipite safi. Matundu 29 huchukua kama nusu saa. Funika pua na lowesha msasa kidogo unaposugua. Vumbi la udongo lina mchanga mwembamba sana ambao ukiingia mapafuni hautoki.

Kwa nini 29? Kitako cha sentimita 16 kikiwa kibichi, matundu yakikaa sentimita 1 kutoka ukingoni, mzunguko wake unakuwa sentimita 44 hivi, kwa hiyo matundu 29 yanaachana kwa sentimita moja na nusu. Ukiyakaribisha zaidi unakuwa umechora mstari wa kuvunjikia, kama karatasi ya stempu. Nimechagua namba witiri makusudi. Kama utasimamisha fito au nyuzi kutoka kwenye matundu na kusuka juu-chini ukizunguka, witiri ndiyo itakayofanya mzunguko wa pili uingie kinyume cha wa kwanza bila kukata uzi. Ukiwa na shufwa, mzunguko wa pili unarudia njia ileile na ufumaji haushikani. Kama unasuka kwa nyuzi mbili zinazopishana, kama kiondo, au unashona kamba iliyozungushwa, namba yoyote itakubali, lakini mazoea ya witiri hayana hasara.

Unene uwe milimita 6 hadi 8. Changanya udongo na vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa na kuchekechwa, kopo moja kwa makopo manne ya udongo. Hupunguza kupungua na humsaidia mtu anayechoma shimoni, kwani moto wa kuni hupanda haraka. Kausha taratibu juu ya mchanga au gazeti ili kitako kiteleze kinapojikunja, na kigeuze kila siku kisije kikajipinda. Kiweke shavuni: kikiwa cha baridi, bado kina maji. Kabla ya kuchoma kibanike kando ya moto mpaka kisishikike kwa mkono mtupu. Kikitoka, kigonge kwa kucha. Chungu kilichoiva hulia; kisichoiva hutoa sauti ya mbao. Ukiwa na shaka, loweka kigae cha moto uleule usiku kucha na asubuhi ukikwaruze.

Usikipake vanishi, tafadhali. Najua vinang'aa na wanunuzi wa mjini hupenda, lakini udongo uliosuguliwa kwa kokoto la mto kabla haujakauka kabisa una mng'ao ambao vanishi inauua. Wafinyanzi wa Kikisi, wale wanawake wa Ikombe na Matema kando ya Ziwa Nyasa, hawana haja na kopo la vanishi.

Sasa uzi. Una bahati ya kukaa Korogwe, katikati ya mkonge, ingawa mkonge wenyewe ni mgeni aliyelowea. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta pwani ya Pangani mwaka 1893, na kati ya miche elfu moja ilifika 62 tu ikiwa hai. Kwa mshono wa kwanza, ule unaogusa udongo, tumia uzi wa mkonge uliosokotwa vizuri au uzi wa pamba wa washona viatu, uliopitishwa kwenye nta ya nyuki. Shika donge la nta, vuta uzi juu yake mara tatu. Nta inajaza manyoya, uzi unateleza tunduni badala ya kujisaga, na unyevu unapita kwa shida. Kamba ya kuzungushia iwe kavu. Hili wasusi wa ukindu hulisahau, kwa sababu ukindu wanausuka ukiwa na unyevu ili usivunjike. Kamba ya mkonge ikilowa hunenepa na kufupika, ikikauka hulegea. Ukishona mbichi, baada ya wiki kitako kitakuwa kinacheza. Ukishona kavu na kuibana mno, masika ikija kamba itafupika na kuukaba udongo, na udongo hauna pa kukimbilia.

Kwa hiyo mshono wa kwanza usiukaze kama unavyokaza kikapu. Pitisha shazia, ile sindano nene, kutoka nje kwenda ndani, zungusha uzi juu ya kamba, rudi tundu linalofuata, na acha nafasi ya kupita ukucha kati ya kamba na ukingo wa udongo. Zunguka mara mbili kwenye matundu yaleyale. Kama uzi mmoja utakatika siku moja, wa pili unashika. Kuanzia mzunguko wa tatu hushoni tena kwenye udongo. Unashona kamba kwenye kamba, na hapo kaza unavyotaka, maana sasa uko kwenye kazi unayoijua kuliko mimi.

Umbo nalo linataka kufikiriwa kabla ya kamba ya kwanza. Udongo ni mzito. Ukiwa chini, unakusaidia: kikapu kinasimama imara hata ukikipandisha shingo ndefu nyembamba. Ukiwa juu, unakuadhibu. Pete ya udongo yenye upana wa sentimita 16, tundu la katikati sentimita 11 na unene wa milimita 8 ina uzito wa gramu 150 hivi, na kamba laini za kanga zitainama chini yake kama mtu aliyebebeshwa debe bila kata. Ukitaka pete nzima juu, mizunguko mitano ya mwisho iwe ya kamba nene na mshono wa karibukaribu. Kanga iingie zaidi kama uzi wa kufunikia kuliko kama kamba. Ichane vipande vya sentimita 2 kwa kufuata uzi wa kitambaa, baada ya kuifua kwa maji moto ili imalize kupungua kabla haijakutana na udongo. Chana na ule upande wenye jina pia. Maneno yatakatika, herufi moja itatokeza hapa na nyingine kule, na watu watazungusha chombo wakijaribu kusoma.

Ndani ya swali lako la maji nasikia jingine: kama chombo kisichotiwa maji wala unga bado ni chombo. Mtazame Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Vyombo vyake anavijenga kwa mkono, anavisugua mpaka ving'ae, havipaki utando wa kioo, na vimewekwa kwenye makumbusho makubwa. Kitako chembamba, tumbo, shingo, mdomo uliopinduka, kama mwanamke aliyesimama. Sijasikia mtu akiuliza vinaingia lita ngapi. Ila usimwige. Yeye ana udongo mtupu wa kusema nao. Wewe una udongo na uzi, na uzuri wako utatoka pale vinapotofautiana. Acha ukingo wa udongo uonekane, usiufiche kwa shanga. Acha na mshono uonekane, hata kama haukulingana.

Swali moja hukuniuliza, lakini nadhani ungeuliza ungekuwa mbele yangu: ule ukingo wa kwanza uliopasuka umeutupa? Kama bado upo, ubandue taratibu. Una vipande vinne vya udongo mkavu ambao haujachomwa, vimeshapungua, na vimekaa kwenye duara la kikapu chako kwa sababu vilikaukia hapohapo. Visafishe vipande vya mkonge vilivyonasa. Kila kimoja kitoboe matundu upande wa chini, na tundu moja kila mwisho; udongo mkavu hutoboka kwa biti ya mkononi ukienda bila haraka, ukiegemeza kipande kwenye kitambaa kilichokunjwa. Lainisha matundu kwa sponji iliyokamuliwa. Vichome. Vitapungua kidogo tena, nyufa zitakuwa mianya.

Kisha vishone juu ya kikapu kimoja kimoja, na mianya iliyobaki uifunge kwa uzi mwekundu au mweusi, mishono ya kupishana kutoka tundu hadi tundu, vile wazee walivyokuwa wakishona kibuyu kilichopasuka. Ukingo wa vipande vinne hautapasuka tena, maana kikapu kikinenepa masika, vipande vitaachana kidogo na uzi utavirudisha kiangazi. Nitumie picha ukimaliza, na uipige kwa karibu, pale kwenye mshono.